Uwanja Usinywe Maji ya Kijiji

Siku hizi habari ya viwanja vya michezo imekuwa habari ya mjini na ya shamba pia. Tangu Septemba 2023, Kenya, Uganda na Tanzania zilipopewa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na tangu kazi ya kujenga uwanja mkubwa wa watu 30,000 ilipoanza Arusha mwaka 2024, vijana wa wilaya za jirani wamekuwa na swali moja midomoni: Na sisi je? Kijana wa Karatu auliza, na kijana wa Ngorongoro auliza. Swali hilo ni la haki, na sisi hatukubaliani na wale wanaolipuuza. Lakini kila swali la haki lataka jibu la haki, na jibu la haki katika nchi ya ukame haliwezi kutolewa kabla ya kuuliza swali la pili, nalo ni hili: Uwanja huo utakunywa maji ya nani?

Hatuulizi hivyo kwa kupenda kukatisha tamaa. Twauliza kwa sababu tumeona. Mwaka 2009 ukame uliangamiza mifugo mingi mno katika nchi ya Wamaasai, Ngorongoro ikiwa ndani yake. Miaka ya 2021 na 2022 mvua zikakosekana tena, na mizoga ya ng'ombe ikatapakaa katika malisho ya Longido, Simanjiro na Ngorongoro. Oktoba 2022 hata Dar es Salaam, mji ulio kando ya bahari na unaokunywa maji ya mto Ruvu, uliwekewa mgao, kwa kuwa maji yaliyokuwa yakizalishwa yalishuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi lita milioni 300. Haikupita miaka miwili mvua zikaja kwa ghadhabu, na Desemba 2023 tope la mlima Hanang likaufunika mji wa Katesh na kuua watu wengi. Nchi ile ile iliyolia kiu ikalia mafuriko. Anayepanga ujenzi wowote kaskazini mwa Tanzania bila ya kuyakumbuka mambo haya mawili kwa pamoja, huyo hapangi, abahatisha.

Kwanza tuwajibu wale wasemao kwamba mahali penye shida ya maji hapana haja ya michezo. Kauli hiyo haina shukrani. Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953. Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akavunja rekodi ya dunia. Na mwaka 1980 alirudi kutoka Moscow na nishani ya fedha. Nyanda zile zile za juu, katika Mbulu, zimemtoa John Stephen Akhwari, aliyemaliza mbio za marathoni za Mexico mwaka 1968 akichechemea kwa jeraha la goti, dunia nzima ikimtazama. Nchi iliyotoa watu wa namna hiyo haiwezi kuambiwa kwamba michezo ni anasa ya watu wa pwani na mijini. Tena Serikali yetu ilipounda Baraza la Michezo la Taifa kwa sheria ya mwaka 1967, haikufanya hivyo kwa ajili ya matajiri. Ilijua kwamba kijana asiye na mahali pa kucheza hutafutiwa mahali na walevi na wahuni.

Hivyo basi hatubishani juu ya kuwa uwanja uwepo au usiwepo. Mashaka yetu ni juu ya kuiga uwanja tulioutazama kwenye televisheni, wenye majani mabichi mwezi wa Agosti kama mwezi wa Aprili, na kuuweka katika nchi ambayo mwezi wa Agosti wanawake wake huamka usiku kwenda kupanga foleni ya maji.

Natupige hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Uwanja wa mpira wa kipimo cha kimataifa una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, yaani mita za mraba 7,140. Katika siku za jua kali na upepo mkavu, majani yanayotakiwa yabaki mabichi huhitaji maji ya kina cha milimita tano hivi kila siku. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi uwanja mmoja hutaka lita 35,700 kwa siku moja. Hizo ni ndoo za lita 20 zipatazo 1,785, au karibu maboza manne ya lita 10,000. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha chini cha mtu wa kijijini kuwa lita 25 kwa siku, zipatikane katika umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Gawanya lita za uwanja kwa lita za mtu, utaona kwamba uwanja mmoja wa kijani hunywa maji ya watu 1,428. Kwa siku 90 za kiangazi hunywa lita 3,213,000.

Twamwomba kila mwanachama aisome tena hesabu hiyo polepole. Mahali ambapo kila mtu ameshapata lita zake 25, uwanja waweza kuja na kuomba cha kwake. Lakini mahali ambapo watu hawajafikia kiwango hicho, kiongozi anayemwagilia uwanja amekaa mezani na kuwanyang'anya watu 1,428 kikombe chao, ingawa mkono wake haukuonekana. Wala si lazima awe mtu mbaya. Yatosha awe hakupiga hesabu.

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeyatanguliza matumizi ya nyumbani ya binadamu, pamoja na maji ya kuhifadhi mazingira, mbele ya matumizi mengine. Mwenye kutaka kuchimba kisima kwa kazi kama hii hana budi kupata kibali cha bodi ya maji ya bonde. Na kwa sehemu za Karatu zinazoelekea ziwa Eyasi, hiyo ni Bodi ya Bonde la Kati. Utaratibu huo usionwe kuwa urasimu wa kuchelewesha maendeleo. Maji ya chini ya ardhi hayana ukuta kati ya kisima cha uwanja na kisima cha kijiji. Pampu yenye nguvu ikivuta huku, kina kitashuka kule.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kujifunza adabu ya maji. Katika wilaya ya Ngorongoro wako ndugu zetu Wasonjo, ambao tangu enzi za mababu wamelima kwa mifereji ya chemchemi katika nchi kavu. Kwao maji hayakuwa ya mwenye nguvu. Yaligawiwa kwa zamu chini ya baraza la wazee waitwao wenamiji, na aliyeiba zamu ya mwenzake alipata adhabu. Na chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, huko Engaruka, yako magofu ya mji wa wakulima waliojenga mifereji ya mawe karne nyingi zilizopita kisha wakatoweka. Na miongoni mwa sababu zinazotajwa na wataalamu ni kupungua kwa maji ya vijito vyao. Magofu hayo yapo mpaka leo, na kila mpangaji wa ujenzi angefaa kwenda kuyatazama kabla ya kutia saini.

Nje ya nchi pia yako mafundisho. Mji wa Cape Town, Afrika Kusini, ulipokaribia kukaukiwa mabwawa yake, kuanzia Februari 1, 2018 kila mkazi aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku, na kumwagilia majani kwa maji ya bomba kulipigwa marufuku. Huo ni mji tajiri, wenye viwanja maarufu duniani. Siku ya dhiki ilipofika haukuuliza kiwanja gani ni maarufu, uliwatanguliza watu. Ikiwa tajiri amelazimika kuchagua hivyo, maskini atajidanganya vipi kwamba yeye hana haja ya kuchagua?

Mwalimu Nyerere alipoueleza Mpango wa Pili wa Miaka Mitano mbele ya mkutano wa TANU mwaka 1969, aliipa hotuba yake jina ambalo limekuwa methali ya taifa: Kupanga ni Kuchagua. Sisi twaona kwamba katika Karatu na Ngorongoro uchaguzi huo wawezekana bila ya kumnyima kijana uwanja na bila ya kumnyima mama maji. Lakini wataka watu watakaokubali mambo manne.

Jambo la kwanza ni majira. Udongo hushindiliwa vizuri ukiwa na unyevu, na mkandarasi anayesawazisha uwanja mwezi wa Septemba atalazimika kuleta maboza ili udongo ushikane. Kazi hiyo hiyo ikifanywa mara masika yanapokwisha, mwishoni mwa Mei na mwanzo wa Juni, ardhi yenyewe ina maji yake. Majani nayo yapandwe mvua zinapoanza, yapate mizizi kabla jua halijarudi. Bajeti inayotoka mwezi wa Agosti na kuamuru majani yapandwe mwezi wa Septemba ni bajeti inayopigana na mbingu, na hatujapata kuona mtu aliyeishinda mbingu.

Jambo la pili ni aina ya majani. Tunao ukoka. Mkulima huulaani kwa sababu haufi shambani mwake, na hiyo ndiyo sifa tunayoitaka. Ukoka hunyauka na kuwa rangi ya mchanga wakati wa kiangazi, lakini mizizi hulala hai chini, na mvua ya kwanza huuamsha. Natukubali kucheza juu ya uwanja wa rangi ya kahawia kwa miezi mitatu au minne. Mpira haujui rangi. Kama ni lazima kumwagilia, yamwagiliwe maeneo mawili madogo yaliyo mbele ya milingoti ya goli, ambako majani hukanyagwa kuliko kwingine. Jumla yake ni kama mita za mraba 200, nayo hutaka lita 1,000 kwa siku badala ya lita 35,700.

Jambo la tatu ni chanzo cha maji hayo. Watu wengi husema: Tuvune mvua ya mapaa ya shule. Shauri hilo ni jema, lakini nalo lipigiwe hesabu. Paa la bati la mita za mraba 1,000, mahali panaponyesha milimita 600 kwa mwaka, hupokea lita 600,000. Tukitoa sehemu moja ya tano inayopotea, hubaki lita 480,000. Maji hayo yatautosha uwanja kwa siku 13 tu. Lakini wanafunzi 600, kila mmoja akipewa lita tano kwa siku, yatawatosha kwa siku 160. Basi maji ya paa ni ya watoto. Uwanja ujitegemee wenyewe: mvua ya milimita 600 huuangushia lita 4,284,000 kila mwaka. Robo yake tu ikitiririka na kukingwa katika lambo lililochimbwa kwenye pembe ya chini, zitapatikana lita 1,071,000. Jua na ardhi hata vikila nusu, kitakachobaki kitatosha kuyanywesha maeneo ya goli kiangazi chote na zaidi. Penye hoteli za watalii, na Karatu haikupungukiwa na hoteli zenye bustani za kijani na mabwawa ya kuogelea, maji yaliyokwisha kutumika na kusafishwa vizuri yangeweza kupewa uwanja wa vijana badala ya kumwagwa. Na pakiwa na kisima chenye floridi kupita kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, maji yake yaweza kufikiriwa kwa ukoka, mradi bodi ya bonde iridhike kwamba hayavutwi kutoka katika maji ya kunywa ya jirani.

Jambo la nne ni mmomonyoko. Udongo wa Karatu ni wenye rutuba, lakini ni mwepesi kuchukuliwa, na makorongo yaliyokwisha kuchimbika katika miteremko ni ushahidi wa kutosha. Anayeukata mteremko ili apate uwanja tambarare, kisha akauacha wazi mpaka mvua ya kwanza, ameandaa korongo jipya litakalokula shamba la jirani yake wa chini. Makinga maji na mtaro wa kuelekea lambo viwe kazi ya kwanza, si ya mwisho. Wairaqw wa nyanda hizi wanajua kazi ya kuzuia udongo tangu zamani, waulizwe, wasihutubiwe.

Kwa Ngorongoro liko neno la ziada. Ardhi ya hifadhi, yenye kilomita za mraba zipatazo 8,300, ilitengwa mwaka 1959 kwa nia ya kuwaweka watu, mifugo na wanyamapori pamoja, na ujenzi ndani yake si jambo la kuamuliwa na mtu mmoja na tingatinga lake. Lakini hata nje ya mipaka hiyo, katika nchi ya wafugaji, kipande cha majani mabichi katikati ya kiangazi si uwanja tena, ni malisho. Ng'ombe wenye njaa watakuja, na nyati na tembo watakuja pia. Tutajenga uzio, kisha tutaweka mlinzi, kisha mlinzi atapigana na mfugaji ambaye mwanawe ndiye tuliyemjengea uwanja. Uwanja wa ukoka uliolala haumwiti mnyama wala haumwudhi mfugaji. Na wakati wa mvua mifugo yaweza kuruhusiwa kuupunguza majani kwa utaratibu wa kijiji, bila ya kununua mashine.

Wako watakaosema: Tuweke majani ya bandia, mambo yaishe. Majani hayo yapo katika uwanja wa Nyamagana, Mwanza, na Kaitaba, Bukoba, na yana faida yake katika mji wenye michezo kila siku. Lakini hupata joto kali juani, huhitaji kuoshwa, na baada ya miaka kama kumi hivi huchakaa yakataka fedha upya. Kijiji kisichoweza kununua pampu ya kisima kisidanganywe kununua zulia.

Tena uko ukweli mmoja ambao wapenzi wa mpira husahau. Mkimbiaji haombi majani. Njia ya udongo iliyosawazishwa vema, yenye mtaro wa kutoa maji, ndiyo kitu ambacho nchi ya Bayi ingepaswa kukijenga kwanza, nayo hainywi hata ndoo moja kwa siku. Twashangaa kuona ramani za viwanja zikichorwa na goli mbili tu, kana kwamba wilaya hizi hazijapata kuipa dunia kitu kingine.

Mwisho twasema na Chama chenyewe, kwa kuwa gazeti la Chama lisiloweza kusema na Chama halina kazi. Viwanja vikubwa kama Sheikh Amri Abeid wa Arusha na Kirumba wa Mwanza ni mali ya Chama Cha Mapinduzi. Mwenye mali huwa wa kwanza kutazamwa. Viwanja vyetu viwe vya kwanza kuvuna mvua ya mapaa yake, na vya kwanza kufunga mabomba siku ya mgao. Hatuwezi kumwambia mwananchi abane maji ya kuogea huku mabomba ya uwanja wetu yakirusha maji mchana kweupe.

Na huko chini, katika matawi na mashina, wanachama wasikubali uwanja uletwe kama zawadi ya uchaguzi. Mradi usomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, pamoja na takwimu zake: utatumia lita ngapi, kutoka wapi, katika mwezi gani, na nani atafunga koki siku ambayo kisima kimeshuka. Swali hilo la mwisho lijibiwe kwa jina la mtu na cheo chake. Akina mama wachota maji wawemo katika kamati, maana wao ndio wanaojua kisima hujaa saa ngapi na hukauka mwezi gani, kuliko mhandisi aliyekuja kwa gari asubuhi na kuondoka jioni. Kisha kazi ya kuchimba lambo na makinga maji ifanywe kwa msaragambo, vijana wenyewe wakiwa mbele, ili uwanja uwe wao kweli.

Mradi ukiyapita maswali hayo, ujengwe, na sisi tutakuwa wa kwanza kuushangilia. Ukishindwa kuyajibu, usijengwe mwaka huu, hata kama fedha zipo na mgeni wa heshima ameshaalikwa. Fedha zitangoja. Mtoto mwenye kiu hangoji. Kijana wa Karatu na wa Ngorongoro apate uwanja wake, acheze mpaka jua lizame, kisha arudi nyumbani akute maji mtungini. Akiukuta mtungi mtupu kwa sababu ya uwanja alioutoka, basi tutakuwa tumempa kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine, na hayo hayakuwa maendeleo tuliyomwahidi.